Kabla ya kupitisha kituo kipya cha umeme, tafuteni kitakachozidiwa kwanza

SWALI: Mimi ni mhasibu, na nimeteuliwa kwenye kamati inayopitia mpango wa uwekezaji wa shirika dogo la umeme la mkoa. Wahandisi wanasema mahitaji yanakua kwa asilimia 7 kwa mwaka. Kituo chetu cha kupoza umeme, kinachoushusha kutoka kilovolti (kV) 132 hadi 11, kina transfoma mbili za MVA 20 kila moja (MVA ni kipimo cha mzigo wa umeme ambao transfoma inaweza kubeba), na mwaka jana mzigo wa juu kabisa ulifika MVA 27. Wanaomba fedha za kituo kipya chenye transfoma mbili za MVA 60 pamoja na laini mpya ya kV 132, vyote kwa mkupuo mmoja. Baadhi ya wajumbe wanasema bado tuna MVA 13 za akiba, kwa hiyo tusubiri. Nani yuko sahihi, na niulize nini?

JIBU: Ndugu yangu, wajumbe wenzako wamekosea hesabu. Wahandisi wenu, kwa ninavyoona kwenye maelezo yako, wameomba vitu vya maana lakini wamevifunga pamoja kama kifurushi kimoja, na hapo ndipo kamati inapotakiwa kuingia. Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo fupi.

Zile MVA 13 hazipo. Kituo chenye transfoma mbili hakipimwi kwa jumla ya transfoma zake. Hupimwa kwa kinachobaki pale iliyo kubwa kuliko zote inapotoka kazini. Nazo hutoka, kwa hitilafu au kwa matengenezo. Ikitoka moja kwenu inabaki MVA 20, na huo ndio uwezo wa uhakika wa kituo. Kwa mzigo wa MVA 27 mmeshavuka mpaka kwa MVA 7. Transfoma moja ikiungua saa ya mahitaji ya juu, karibu robo ya mzigo itakosa pa kwenda, na mbadala wa transfoma ya namna hiyo haupo rafuni mahali popote. Huagizwa, huundwa, hupimwa kiwandani, husafirishwa. Miaka ya karibuni foleni ya viwanda imekuwa ndefu kiasi kwamba transfoma kubwa inaweza kusubiriwa miaka miwili, mitatu, hata minne.

Lakini MVA 27 ni kilele cha mwaka mzima. Mwaka una saa 8,760, na swali la kwanza la kuwauliza wahandisi ni hili: mstari wa MVA 20 unavukwa kwa saa ngapi kati ya hizo? Walete chati ya mzigo saa kwa saa, iliyopangwa kutoka saa nzito hadi nyepesi. Kama mstari unavukwa kwa saa 300, zote za jioni katika miezi miwili, mna tatizo linalotibika kwa njia nyingi. Kama unavukwa kwa saa 4,000, dawa zimebaki chache na ni za gharama. Nimeona majalada manene ya miradi, yenye ramani za rangi na picha za minara, ambayo chati hii moja haikuwemo. Bila hiyo kamati inapitisha jambo ambalo halijaona.

Swali la pili linafanana na la fundi wa kawaida: hizo MVA 20 ni kwa upoozaji gani? Transfoma nyingi za ukubwa huo zina viwango viwili kwenye kibao chake, kimoja mafuta yakipoa yenyewe na kingine feni zikiwaka. Tofauti huwa robo au zaidi. Kama zenu zina nafasi za feni na hazijafungwa, au zimefungwa na hazifanyi kazi, mna MVA kadhaa zilizolala kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na mnachoombwa.

Adui wa transfoma ni joto linaloila karatasi inayofunga nyaya zake ndani ya mafuta. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-7 kinachukua nyuzi 98 za Selsiasi, kwenye sehemu yenye joto kali zaidi ndani ya koili, kuwa ndiyo hali ya uchakavu wa kawaida kwa karatasi ya kawaida. Kila nyuzi 6 zinazoongezeka juu ya hapo, kasi ya uchakavu huwa mara mbili. Kwa hiyo saa moja kwenye nyuzi 110 inakula saa nne za umri. Ndiyo maana transfoma inaweza kubebeshwa kupita kiwango chake kwa saa chache za dharura bila maafa, lakini kuifanyia hivyo kila jioni ni kuuweka umri wake rehani. Halafu kuna kitu ambacho huwa kinasahaulika: transfoma inaweza kustahimili, huku kebo inayotoka kwake, au breka (swichi inayokata umeme panapotokea hitilafu), au swichi ya kubadilishia volti, haistahimili. Waulizeni wahandisi kiungo dhaifu katika mnyororo huo ni kipi. Wakikujibu papo hapo, ujue wameufanyia kazi.

Sasa ile asilimia 7. Kwa ukuaji huo mzigo huongezeka karibu maradufu kila baada ya miaka 10: MVA 27 zinakuwa 53. Kwa asilimia 3, miaka hiyohiyo 10 inawafikisha MVA 36 tu. Upana kati ya 36 na 53 ndio unaotakiwa kuwa mezani, na mara nyingi kinachowekwa mezani ni mstari mmoja ulionyooka.

Watu wenye akili na fedha kuliko sisi wamekwama hapo. Nchini Marekani matumizi ya umeme yalikua kwa takriban asilimia 7 kwa mwaka kwa miongo kadhaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wapangaji wakaona hiyo kama kanuni ya maumbile. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na uchumi kuyumba, ukuaji ukashuka vibaya. Katika jimbo la Washington, shirika la Washington Public Power Supply System lilikuwa limeanzisha ujenzi wa mitambo mitano ya nyuklia kwa wakati mmoja. Ni mmoja tu uliokuja kukamilika. Mwaka 1983 shirika hilo lilishindwa kulipa hati fungani za dola bilioni 2.25 za mitambo miwili iliyoachwa, na hadi leo kisa hicho husimuliwa kila panapozungumzwa madeni ya miradi ya umma. Kosa lao halikuwa kutabiri vibaya, maana kila mtu hutabiri vibaya. Waliweka ahadi zote kabla ya mzigo kuonekana, wakakosa pa kurudia nyuma.

Kwa hiyo usiwaulize wahandisi kama wana uhakika na asilimia 7. Waombeni waivunje vipande. Ngapi ni wateja wapya wa nyumbani? Ngapi ni wateja wa zamani wanaotumia zaidi? Ngapi ni mzigo mkubwa wa mteja mmoja, kiwanda au kituo cha kuhifadhia data? Na ngapi ni mahitaji yaliyokuwepo siku zote ila yalikuwa yamebanwa na mgao wa umeme au volti hafifu? Hicho cha mwisho ni cha kuangaliwa kwa makini. Mkoa uliotoka kwenye mgao hukua kwa kasi mwaka mmoja au miwili, kisha hutulia. Anayechora mstari kupitia miaka hiyo miwili atajenga kwa ajili ya mkoa ambao haupo. Wakague pia kama vilele vya miaka iliyopita vimesahihishwa kwa hali ya hewa na kwa mzigo uliohamishwa kwa muda kutoka kituo jirani. Wiki moja ya joto kali, au laini ya jirani iliyokuwa matengenezoni, inatosha kutengeneza "ukuaji" wa bandia.

Wateja wakubwa wana hila yao nyingine. Maombi ya kuunganishiwa umeme ni karatasi tu. Mwombaji mmoja anaweza kupeleka ombi lilelile kwa mashirika matatu, akajenga kwa atakayemjibu mapema. Msihesabu megawati za mtu ambaye hajaweka amana na hajasaini mkataba wa kulipa kiwango cha chini kila mwezi hata asipotumia. Mhasibu hahitaji mhandisi kumweleza kwa nini: vifaa vilivyojengwa kwa ajili ya mteja asiyekuja hulipwa na wale waliokuwepo.

Mizigo pia haijumlishwi kama fedha. Nyumba 100 ambazo kila moja inaweza kuvuta kW 5 haziwezi kuvuta kW 500 kwa pamoja, kwa sababu hazipigi pasi na kuchemsha maji katika dakika ileile. Kadiri wateja wanavyokuwa wengi ndivyo kilele cha pamoja kinavyopungua kwa kila kichwa. Mtu anayejumlisha uwezo wa kila mita atapata namba ya kutisha isiyotokea kamwe, isipokuwa katika nyakati mbili. Ya kwanza ni umeme unaporudi baada ya kukatika kwa saa nyingi: majokofu, viyoyozi na pampu zote huwaka kwa pamoja, na kwa muda mzigo unaweza kupita hata kilele cha kawaida. Ya pili tunaitengeneza wenyewe. Ukitangaza kuwa umeme unashuka bei saa sita usiku kamili, kila chaja ya gari la umeme itawekewa saa hiyohiyo, na ule mtawanyiko uliokuwa unawaokoa utafutika kwa dakika moja. Mashirika yanayofanya vizuri hutawanya muda wa kuanza kuchaji badala ya kuweka saa moja kwa wote.

Na sola? Itapunguza nishati mnayonunua mchana. Kama kilele chenu ni saa mbili usiku, paneli zote za mkoa hazitaondoa hata MVA moja kwenye kilele hicho. Chati ya saa kwa saa itakujibu hilo pia.

Nihamie kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mipango mingi kuliko utabiri wenyewe: mahali. Kusema mkoa unakua hakutoshi. Kinachokua ni upande fulani wa mji, barabara fulani, eneo fulani la viwanda. Kituo kinaweza kuwa na nafasi huku fida moja inayotoka hapo, yaani laini ya kusambazia umeme kwa wateja, imekabwa, na tena kinachoikaba huenda si joto.

Chukua fida ya kV 11 yenye urefu wa km 15, waya wa alumini wenye kiini cha chuma wa takriban milimita 100 za mraba, ikibeba MVA 4 hadi mwisho. Mkondo ni ampea 210, na waya huo unaumudu bila shida. Mhandisi anayetazama ampea pekee atasema tuko salama. Lakini volti itakuwa imepungua kwa karibu asilimia 20 ikifika mwisho wa laini. Mzigo ukiwa umetawanyika sawasawa njiani, upungufu ni nusu ya huo, na bado ni mkubwa. Viwango vingi vya kitaifa huruhusu asilimia 5 hadi 10. Upotevu wa umeme kwa mzigo ulio mwishoni ni kW 536 saa ya kilele. Wastani wa mzigo ukiwa asilimia 55 ya kilele, upotevu huo unafika kilowati-saa milioni 1.8 kwa mwaka, umeme ulionunuliwa na kuishia kupasha waya moto. Peleka mzigo uleule kwa kV 33 juu ya waya uleule: mkondo unashuka hadi theluthi, upungufu wa volti unakuwa asilimia 2 na kidogo, na upotevu unashuka hadi moja ya tisa. Kwa wateja wa mwisho wa laini hiyo, transfoma mbili za MVA 60 zilizowekwa palepale kituo cha zamani kilipo hazibadilishi chochote. Watawasha taa zenye mwanga wa njano kama jana. Kwa hiyo ulizeni kituo kipya kinawekwa wapi, na kinazifupisha fida zipi kwa kilomita ngapi.

Sasa tufike kwenye njia mbadala, zile ambazo mpango wa mkupuo mmoja huziruka.

Ya kwanza ni kapasita. Mota, mashine za kuchomelea na taa za aina fulani huvuta mkondo wa ziada usiofanya kazi yoyote, ila unapita kwenye transfoma na kuipasha moto kama ule wa kweli. Uwiano wa umeme unaofanya kazi kwa ule unaovutwa, mafundi huuita pawa fakta, ndio unaoeleza hali hiyo. Tuseme wenu ni 0.82. Basi MVA 27 zenu ni MW 22 tu za kazi halisi. Kapasita hutoa mkondo huo wa ziada upande wa wateja ili usipite kwenye transfoma. Mkifunga za takriban MVAr 8 (kipimo cha mkondo huo usiofanya kazi) na kuupandisha uwiano hadi 0.95, kazi ileile itavuta MVA 23.3. Mmepata karibu MVA 4 bila kugusa transfoma. Kwa ukuaji wa asilimia 7 hizo zinawanunulia miaka miwili; kwa asilimia 3, miaka mitano. Sharti ni ziwe za kujiwasha na kujizima, kwa sababu kapasita zikiachwa kazini usiku wa manane mzigo ukiwa mdogo hupandisha volti na kuunguza vifaa vya wateja.

Ya pili ni kuhamisha mzigo. Fida nyingi za mjini zina sehemu za kuunganishwa na fida za kituo jirani, zilizoachwa wazi kwa kawaida. Kama MVA 7 zile zinaweza kuhamishwa kwa jirani ndani ya saa moja, ule upungufu wa uwezo wa uhakika unabaki kuwa saa moja ya usumbufu. Kama inahitaji gari, ngazi na mtu wa kufungua swichi kwa mkono nyakati za mvua, isiitwe mbadala.

Ya tatu ni kuwalipa wateja wapunguze. Si ndoto. Mwaka 2014 wadhibiti wa jimbo la New York waliiruhusu Con Edison kutumia dola milioni 200 kupunguza mzigo wa MW 52 katika sehemu za Brooklyn na Queens, kwa kubadilisha taa, kuweka betri, kudhibiti mitambo ya majengo na mengineyo, ili kuahirisha kituo kilichokadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni moja. Neno la kushika hapo ni kuahirisha. Betri nayo ni vivyo hivyo: kufunika MW 4 kwa saa tatu kunahitaji MWh 12, na inaweza kulipa. Ila kilele kikipanuka kikawa cha saa nane, betri inayohitajika ni karibu mara tatu, na hesabu inageuka. Tazama umbo la kilele kabla hujaipenda betri.

Kwenye laini za msongo mkubwa kuna pia kubadilisha waya na kuacha minara. Waya ukipata joto hurefuka na kulegea, na kinachouwekea mpaka mara nyingi ni umbali wake kutoka ardhini. Tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 nchini Marekani na Kanada walikosa umeme, na mwanzo wa mkasa huo ni pamoja na laini za Ohio zilizolegea hadi kugusa miti iliyoachwa ikue chini yake. Zipo nyaya za kisasa zisizolegea sana hata kwenye joto kali, zinazoweza kubeba hadi karibu maradufu juu ya minara ileile. Hizo hufaa laini fupi. Laini ndefu hubanwa na volti na uthabiti wa mfumo kabla ya joto, na kuibadilishia waya kunaweza kuwa fedha iliyotupwa.

Ya nne, ambayo ndiyo ningeianzia mimi kwenu, ni transfoma ya tatu. Angalia jinsi hesabu inavyokwenda. Transfoma mbili za MVA 20 zina uwezo wa uhakika wa 20. Ukiongeza moja ya ukubwa uleule, zinazobaki moja ikitoka ni mbili, yaani MVA 40. Umenunua nusu ya ulichonacho, na uwezo wa uhakika umekuwa maradufu. Hakuna hatua nyingine katika kazi hii inayolipa namna hiyo, na inaweza kufanywa mara moja tu. Transfoma ya nne haileti maradufu nyingine.

Tatizo lake liko kwenye hitilafu. Transfoma ya MVA 20 yenye upinzani wa ndani wa asilimia 10 inaweza kumwaga takriban kiloampea 10.5 kwenye shoti upande wa kV 11. Mbili zikiwa sambamba ni 21. Tatu ni 31.5, wakati breka nyingi za kV 11 zimetengenezwa kukata kiloampea 25. Upinzani wa gridi yenyewe utapunguza kidogo namba hizo, lakini hamtaki kujua siku ya shoti kwamba breka haikuweza. Suluhisho lipo na ni la zamani: mnaigawa basbaa, yaani ile fito ya chuma inayokusanya umeme wa transfoma zote na kuugawa kwa fida, transfoma mbili zinafanya kazi sambamba upande mmoja na ya tatu peke yake upande wa pili, na swichi inayoziunganisha inajifunga yenyewe pale moja inapotoka. Mhandisi akikwambia transfoma ya tatu haiwezekani kwa sababu ya shoti, mwulize kama amehesabu kwa basbaa iliyogawanywa.

Linganisha sasa. Mpango walioomba unawapa MVA 60 za uhakika kwenye kituo kipya na 20 kwenye cha zamani, jumla 80. Kwa asilimia 7, mzigo wa 27 utafika 80 baada ya miaka 16. Kwa asilimia 3, baada ya miaka 36 na ushei, kipindi ambacho transfoma hizo zitakuwa zinakaribia uzee bila kuwahi kujazwa. Transfoma ya tatu pamoja na kapasita inawapa MVA 40 dhidi ya mzigo wa 23.3: miaka 8 kwa ukuaji wa haraka, 18 kwa ukuaji wa polepole. Mtaji wenu ukigharimu asilimia 10 kwa mwaka, kuahirisha kituo kwa miaka minne tu kunapunguza thamani yake ya leo kwa karibu theluthi. Hesabu hiyo wewe unaijua kuliko mimi.

Hata hivyo kabla hujashangilia, uliza kituo cha sasa kinalishwaje. Kama ni laini moja ya kV 132, basi transfoma tatu hazina msaada siku laini hiyo inapoanguka. Na kama ni mbili zilizotundikwa kwenye minara ileile, dhoruba inazihesabu kuwa moja. Desturi ya kupanga kwa kuondoa kifaa kimoja inachukulia kuwa hitilafu hazifuatani. Mwaka 1998 katikati ya jiji la Auckland, New Zealand, palikuwa pakitegemea kebo nne za kV 110. Katika kiangazi cha joto na ukavu, ya kwanza iliharibika mwezi Januari, ya pili Februari, na mzigo wao ukahamia kwa zilizobaki. Kufikia Februari 20 zote nne zilikuwa zimekufa, na kitovu cha jiji kikakaa takriban wiki tano bila umeme wa kutegemewa. Kwenye karatasi palikuwa na akiba ya kutosha. Udongo mkavu, umri na msimu mmoja wa joto vilizigusa kebo zote pamoja. Kwa hiyo kama mnalishwa na laini moja, laini ya pili yenye njia yake tofauti inaweza kuwa na haki ya kutangulia hata transfoma, na hapo wahandisi wenu watakuwa wamekuwa sahihi kwa sababu ambayo hawakuiandika.

Kinachobaki ni muda, na hapa ndipo ningewataka wajumbe wanaosema tusubiri waelewe hatari yao. Fida mpya ya kV 11 ni kazi ya miezi. Kapasita ni miezi. Transfoma ni miaka. Laini ya kV 132 ujenzi wake wenyewe unaweza kuisha ndani ya miaka miwili, lakini kupata mkuza (ukanda wa ardhi ambamo laini itapita), kulipa fidia, kumaliza tathmini ya mazingira na kesi za wenye ardhi kunaweza kuchukua zaidi ya hapo, na hakuharakishwi kwa fedha. Mji nao hausubiri: njia iliyo wazi leo itakuwa na nyumba baada ya miaka mitano, na fidia itakuwa imepanda mara nyingi.

Hivyo mpango mzuri hugawa vitu kwa gharama na kwa muda. Vitu vya polepole na nafuu vinaanza sasa: kiwanja cha kituo kipya, kikubwa cha kutosha kuongezwa transfoma baadaye, na mkuza wa laini. Vya gharama vinangoja alama iliyoandikwa. Tuseme kituo kipya kitachukua miaka minne ardhi ikiwa tayari mkononi. Kwa ukuaji wa asilimia 7, mtafika MVA 40 miaka minne baada ya kufika 30.5. Basi kamati iandike: kilele kikipita MVA 30 misimu miwili mfululizo, baada ya kusahihishwa kwa hali ya hewa, oda ya kituo inatoka bila kurudi kwenye mjadala. Mkianzia kwenye MVA 23.3 za baada ya kapasita, ukuaji ukiwa wa haraka alama hiyo itafikiwa baada ya miaka minne hivi. Ukiwa wa polepole, tisa. Na mkilazimika kujenga laini mapema kwa sababu ya volti, inawezekana kuisimamisha kwa viwango vya kV 132 na kuiendesha kwa kV 33 mpaka kituo kitakapohitajika, au kujenga minara ya kubeba laini mbili na kutundika moja.

Ningekuwa kwenye kiti chako, ningepitisha kapasita na feni kwa bajeti ya mwaka huu, oda ya transfoma ya tatu mara tu uchunguzi wa shoti utakapoletwa, na kiwanja pamoja na mkuza kwa ukamilifu wake. Transfoma za MVA 60 na minara ningeziweka chini ya ile alama, isipokuwa wahandisi waonyeshe kwamba kituo kinalishwa na laini moja tu. Na wakija na barua ya kiwanda kinachotaka MW 15 mwakani, mwiteni mwenye kiwanda aje na mkataba wa malipo ya chini kabla hamjabadilisha tarehe yoyote.